Kompyuta iliyopigwa Windows mara mbili huku ikizimwa na joto: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki ni cha kompyuta ya nyumbani katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Majina, mtaa na shule vimeondolewa, na mwenye mashine ameridhia kiandikwe. Nimekichagua kwa sababu mashine ilikuwa na maradhi mawili kwa wakati mmoja. Moja lilionekana kwa macho, yaani vumbi na joto. La pili lilijificha nyuma yake, na ndilo lililokuwa linakula kazi ya miaka mingi ya mwenyewe.

## Usuli

Mwenye kompyuta ni mwalimu wa Biolojia wa shule ya sekondari, anaishi na kijana wake aliyemaliza kidato cha nne. Mashine ni ya mezani, mtumba wa ofisini kutoka Ulaya: prosesa ya Core i5 kizazi cha 3, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4, diski ya GB 500, na Windows 10. Kwa kazi za mwalimu inatosha kabisa. Ndani yake mlikuwa na mitihani na nukuu za somo alizoziandaa mwenyewe mwaka baada ya mwaka, picha za familia, na video za harusi ya binti yake mkubwa.

Kasha la kompyuta lilikaa sakafuni, sebuleni, limebanwa kati ya kabati na ukuta, hatua chache kutoka mlango wa uani ambako hupikwa kwa mkaa. Barabara ya mtaa haina lami. Bahari haiko mbali. Vumbi la mahali kama hapo halifanani na la bara: unyevu, chumvi ya hewa na mafuta ya mapishi hulifanya linate, kwa hiyo halipeperuki kwa kupulizwa tu, linataka brashi.

Mwalimu anapenda usafi, na nyumba yake inaonyesha. Juu ya kasha alitandika kitambaa cha kufuma, kizuri kweli, kilichoning'inia upande wa nyuma hadi kikafunika matundu ya kutolea hewa. Kompyuta ikizimwa, alilivisha kasha lote mfuko wa nailoni. Mara nyingine ilikuwa inawashwa asubuhi mfuko ukiwa umepandishwa nusu tu.

## Mtiririko wa matukio

Tatizo lilianza msimu wa kaskazi, miezi ile ya Januari hadi Machi ambayo pwani haina nafuu ya joto. Mashine ilianza kujizima alasiri, ghafla, bila onyo wala ujumbe. Ikiachwa kidogo ilikubali kuwaka, kisha ikazima tena. Wakati huo huo ilikuwa nzito: kufungua faili moja la mtihani kulitaka subira, na mara kwa mara ilikuwa inaganda huku taa ya diski ikiwaka moja kwa moja.

Fundi wa kwanza aliyeitwa alipiga Windows upya, yaani aliifuta na kuisimika tena. Mafaili yaliyokuwa kwenye diski D, sehemu ya diski ile ile iliyotengwa na Windows, yalisalimika, lakini yaliyokuwa Desktop yalifutika, ikiwemo mitihani ya muhula ambayo mwalimu alikuwa hajaichapa. Kwa siku kadhaa mashine ilionekana afadhali. Halafu ikarudi kule kule.

Fundi wa pili alipiga Windows tena, safari hii akaweka na programu ya kuiamsha bila leseni. Programu za aina hiyo kwa kawaida hutaka kinga ya Windows, yaani Defender, izimwe kwanza. Ilizimwa na haikuwashwa tena. Haukupita muda, flashi iliyotoka duka la stesheneri ilirudi na kirusi kinachoficha folda na kuweka njia za mkato mahali pake. Mwalimu alidhani nukuu zake zote zimefutwa. Hazikuwa zimefutwa, zilikuwa zimefichwa tu, lakini ile hofu ilimfanya asiiamini tena mashine yake.

Kisha kijana wa nyumbani akaamua kusaidia. Alisikia kuwa kompyuta ikijizima ni vumbi, na hapo hakukosea. Alilibeba kasha hadi gereji ya jirani na kulipuliza kwa kompresa ya kujazia matairi, bila kulifungua, kupitia matundu ya mbele. Vumbi lililotoka lilimridhisha kila aliyesimama pale. Baada ya hapo feni ilianza kukwaruza, na mashine ikawa inazima hata asubuhi.

Hapo ndipo nilipoitwa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hii kompyuta imenishinda. Nipigie Windows, safari hii uweke iliyo nzuri."

Nilimwomba aniruhusu niiangalie kwanza kabla ya kupiga chochote. Nilimwuliza huzima wakati gani, hutoa sauti gani, na ni vitu gani humo ndani ambavyo akivikosa ataumia. Swali hilo la mwisho alilijibu haraka kuliko yote: mitihani, halafu harusi ya binti.

Kipimo cha kwanza kilikuwa rahisi. Niliiwasha nikaingia BIOS, sehemu inayofanya kazi kabla Windows haijaamka, nikafungua ukurasa unaoonyesha joto la prosesa, nikaiacha hapo bila kugusa kitu. Namba ilipanda taratibu, ikavuka nyuzi 90, na mashine ikazima. Windows haikuwa imeshiriki hata kidogo. Mashine za aina hii hujizima zenyewe joto likizidi mno ili prosesa isiungue, kwa hiyo kule kuzima kulikuwa kinga inayofanya kazi yake.

Lakini joto peke yake halikutosha kueleza ule uzito na ile taa ya diski. Sikuiwasha tena. Nilichomoa diski, nikaiunganisha kwenye laptopu yangu kwa kebo ya USB, nikafungua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma taarifa za afya ambazo diski yenyewe huzihifadhi. Ilikuja na rangi ya njano, ishara ya tahadhari. Mstari wa C5 unaohesabu sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma na inangoja kuamua hatima yake haukuwa sifuri. Wa 05, unaohesabu sehemu zilizokwisha kuhamishwa kwa ubovu, nao haukuwa sifuri. Katika kumbukumbu za matukio za Windows mlikuwa na kosa namba 7, la eneo bovu la diski, likijirudia tangu juma lile lile Windows ilipopigwa mara ya pili. Maana yake Windows ile ilisimikwa juu ya diski iliyokwisha kuugua.

## Maamuzi na sababu zake

Kuokoa data kabla ya kusafisha. Huu ndio uamuzi uliobeba kisa chote. Kijana alitaka tufungue kasha pale pale, kwani vumbi lilikuwa linaonekana. Lakini mashine chafu inaweza kungoja, diski inayokufa haingoji: kila saa inayozunguka inaweza kuwa ya mwisho. Tena sikutaka kunakili ikiwa ndani ya kasha lenye joto, mashine ikazima katikati.

Kutotumia chkdsk. Watu wengi wakiona diski ina makosa huendesha palepale chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Kwa diski yenye afya iliyovurugika mpangilio wa mafaili, inafaa. Kwa diski inayokufa huilazimisha ipitie na kuandika upya sehemu nyingi, na faili ambalo lingesomeka nusu linaweza kutolewa kabisa kwenye orodha.

Kunakili kwa mpangilio wa umuhimu. Mitihani kwanza kwa kuwa ni midogo na haina mbadala, picha zikafuata, video mwisho. Nilitumia Robocopy, programu ya kunakili iliyomo ndani ya Windows. Kwa mazoea yake ikikwama kwenye faili hurudia mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara, na huko ndiko kuiua diski. Niliipa amri irudie mara 1 tu kisha iendelee na faili linalofuata. Yaliyogoma niliyaachia mwisho.

Kusafisha mahali pa wazi, kwa brashi. Kazi hii ilifanyika barazani. Nilichomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, nikapiga picha nyaya zote zilivyokaa, nikashika chuma cha kasha kuondoa umeme tuli mwilini. Feni ya prosesa ilikuwa inazunguka, ila haikuwa na pa kupitishia upepo: kati yake na mapezi ya alumini ya kupozea palikuwa na utando wa vumbi na mafuta, umeshonana kiasi cha kutoka kipande kizima. Kompresa ya gereji ilikuwa imeusukuma ndani zaidi. Nyuma yake palikuwa na mayai ya mende, wanaopenda joto la humo. Nilishika mapanga ya feni kwa kidole nisiyaache yazunguke, nikapiga brashi ya rangi yenye nywele laini kutoka ndani kuelekea nje, na blowa ndogo ya umeme kwa mbali ikamalizia.

Pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na alumini ilikuwa imekauka na kupasuka. Niliifuta kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya duka la dawa mara nyingi ni ya asilimia 70. Inafaa pakiwa hapana nyingine, ila ina maji, kwa hiyo inataka kuachwa ikauke vizuri. Pesti mpya niliweka kiasi cha punje ya choroko, katikati. Kwenye prosesa kama hii ya Intel, iliyobanwa na fremu ya chuma, kung'oa alumini hakuna hatari kubwa. Kwenye AMD nyingi zenye pini, prosesa inaweza kung'oka pamoja nayo pini zikapinda, ndiyo maana huko ni kuzungusha taratibu kwanza, mashine ikiwa bado na joto kidogo.

Feni iliyokwaruza ilibadilishwa. Vipande vya RAM vilisuguliwa miguu yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli. Betri ndogo ya CR2032 ya kwenye ubao mama nayo ilibadilishwa: umeme ukikatika, saa ya kompyuta ilikuwa inarudi miaka nyuma, na kivinjari kikikataa kufungua tovuti kwa kudai si salama. Mwalimu alikuwa amelaumu bando la intaneti kwa hilo.

Kutofungua pawasaplai. Kijana aliuliza kwa nini kisanduku kile cha kuipa kompyuta umeme hatukifungui wakati nacho kina vumbi. Ndani yake mna kapasita zinazoweza kubaki na umeme wa kuua hata waya ukiwa umechomolewa. Nilisafisha matundu yake kwa nje, basi.

Kununua SSD kabla ya RAM. SSD ni diski isiyo na sehemu inayozunguka. Fedha ilitosha kimoja kati ya viwili hivyo. RAM ya GB 4 ni ndogo, lakini diski mbovu haikuwa na mjadala. SSD ya GB 240 iliingia.

Kuweka Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Huu ulikuwa uamuzi mgumu, na tuliuzungumza kwa kirefu. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya kizazi cha 3 haimo katika orodha inayokubalika kwa Windows 11. Kuweka tena Windows ya kuamshwa kwa ujanja kungerudisha mlango ule ule uliopitisha kirusi. Mint ni ya bure kihalali, inapata masasisho ya usalama, na vile virusi vya njia za mkato vya kwenye flashi havipati pa kushika humo. Mwalimu alikubali kwa sharti moja: aweze kuandika na kuchapa mitihani.

## Matokeo

Mashine ikiwa imetulia, joto la prosesa lilikaa kwenye nyuzi 40 na kitu. Nilipoipa kazi nzito kwa saa nzima halikuvuka 70. Haijajizima tena kwa joto, hata alasiri.

Mitihani yote iliyokuwa diski D ilipatikana. Picha nazo, isipokuwa chache zilizofunguka zikiwa na mstari wa kijivu nusu ya chini. Video mbili za harusi hazikunakilika zikakamilika: moja inacheza hadi kabla ya nasaha na kukatika, nyingine haifunguki. Nilimwonyesha mwalimu orodha ya yaliyokosekana faili kwa faili, sikutaka ayagundue mwenyewe baadaye. Mitihani ya Desktop iliyofutwa na Windows ya kwanza haikupatikana, kwani mahali pake palikuwa pameandikwa juu mara mbili.

LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia inayokuja na Mint, ilifungua mitihani ya zamani ya Word, lakini si yote kwa usahihi. Mchoro wa moyo wa binadamu uliotengenezwa kwa visanduku vya maandishi na mishale ulivurugika: lebo ya aota ilishuka ikakaa kwenye ventrikali, na mishale miwili ikaelekea pembeni hewani. Kwa mtihani wa Biolojia hilo si dogo. Tulikubaliana kila mchoro uunganishwe kuwa picha moja kabla ya kuingizwa kwenye mtihani, na kwenda kuchapa ipelekwe PDF, ambayo haibadiliki popote inapofunguliwa. Imefanya kazi, ingawa imempa mwalimu kazi ya kurekebisha michoro mingi ya zamani.

## Uchambuzi

Chanzo cha hasara katika kisa hiki ni neno moja la malalamiko lililobeba vitu viwili. "Nzito na inajizima" lilisikika kama ugonjwa mmoja. Kujizima kulitokana na joto, uzito na kuganda vilitokana na diski. Mafundi wote wawili walitibu kitu cha tatu, Windows, ambacho hakikuwa na kosa. Na ile nafuu ya muda mfupi baada ya kila kupiga Windows ndiyo iliyowapotosha: Windows mpya ina programu chache zinazoamka pamoja nayo, prosesa inafanya kazi kidogo, joto linachelewa kupanda, na mafaili yake yameandikwa sehemu nyingine za diski ambazo bado nzima. Mteja anaona imepona, fundi anaondoka na hela yake. Malipo ya kupiga Windows mara mbili yangetosha zaidi ya nusu ya bei ya ile SSD.

Kipimo cha BIOS ndicho kilichotenganisha maradhi hayo, na hakigharimu kitu. Mtu yeyote nyumbani anaweza kukifanya: kompyuta ikizima ukiwa ndani ya BIOS, usimpe mtu fedha akupigie Windows. Ikikaa humo saa nzima bila kuzima, hapo sasa ndipo uanze kuuliza maswali mengine.

Kitambaa na mfuko wa nailoni nitavitetea kidogo. Mwalimu alikuwa na nia sahihi kabisa, na mfuko juu ya mashine iliyozimwa na kupoa hauna ubaya, unazuia vumbi kweli. Madhara yalikuja kwa kitambaa kilichoziba njia ya hewa wakati inafanya kazi, na kwa kuivisha mfuko ikiwa bado ya moto, katika hewa yenye unyevu kama ya pwani. Sikumwambia atupe kitambaa chake. Kimehamia juu ya kabati, kasha limepandishwa kwenye meza ndogo, nyuma yake pamewachwa nafasi ya kupita kiganja kilichonyooka, mbali na mlango wa uani. Badiliko hili lina faida kuliko kusafisha kwenyewe, kwani bila hilo utando ule ungejijenga upya kabla ya kaskazi nyingine.

Kijana naye alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko mafundi wawili: alisema ni vumbi, na lilikuwa vumbi. Kilichomwangusha ni chombo. Kompresa ya gereji hutoa presha kubwa mno, na hewa yake mara nyingi ina matone ya maji na mafuta. Feni isiyoshikwa huzungushwa kasi isiyoiweza, na hiyo ndiyo sababu ya ule mkwaruzo. Angefungua kifuniko cha pembeni na kutumia brashi ya rangi, angepunguza nusu ya tatizo siku hiyo. Sasa ndiye anayefungua kasha kila baada ya miezi mitatu. Kwa nyumba yenye vigae na barabara ya lami, hata mara moja au mbili kwa mwaka ingetosha. Pesti haina haja ya kuguswa kila mara, miaka kadhaa kwa kawaida inafika.

Kilichoshindikana kikubwa ni umeme. Nilipendekeza UPS, kifaa chenye betri ya kushikilia umeme kwa muda; familia ilinunua gadi, ile ya friji, kwa kuwa ilikuwa nafuu na duka la jirani lilikuwa nayo. Gadi ina kazi yake: umeme ukipanda au kushuka kupita kiasi inakata, na ukirudi inasubiri kabla ya kuachia. Stabilaiza hurekebisha mpandoshuko bila kukata. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoshikilia mashine iendelee kuwaka wakati umeme umekatika. Hiyo ni kazi ya UPS peke yake, na dakika chache zake zinatosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Umeme ulikatika jioni moja mwalimu akiwa katikati ya kuandaa mtihani, na mashine ikazima kama zamani. SSD haikudhurika, LibreOffice ilirejesha sehemu kubwa ya faili, ila maswali aliyoyaandika dakika za mwisho yalipotea. Tumepunguza muda wa LibreOffice kuhifadhi kazi yenyewe, ukawa kila dakika 2.

Nakala za akiba nazo zipo nusu. Mafaili yote yananakiliwa Ijumaa kwenye diski ya nje, lakini diski hiyo inakaa kabati lile lile pembeni ya kompyuta. Mwizi mmoja, au bomba moja likipasuka, vyote vinaenda. Mitihani, kwa udogo wake, inapandishwa pia kwenye hifadhi ya mtandaoni. Picha na video bado, kwa sababu ya gharama ya bando. Binti mwenye ile harusi amekubali kukaa na diski ya pili nyumbani kwake, na inanunuliwa baada ya RAM.

Diski ya zamani haikutupwa wala kuuzwa. Imefungwa kwenye mfuko, imeandikwa kwa maka nyekundu MBOVU, USIWASHE, ili asitokee mtu wa kuijaribu. Ile video ya nasaha pengine bado inaweza kuokolewa na mtaalamu mwenye vifaa vya kusoma diski zilizoharibika, na kadiri diski hiyo inavyobaki bila kuwashwa ndivyo nafasi hiyo inavyobaki.